"Ile Hela Itume Kwenye Namba Hii": Meseji ya Kitapeli Inavyofanya Kazi

Mama mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye kibanda cha wakala, laki moja na themanini mkononi, watu watatu mbele yake kwenye foleni, simu ikaita mlio wa meseji. "Ile hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo," ilisema, na chini yake kulikuwa na namba na jina la mwanamke. Mwenye nyumba wake ni mwanamke. Asubuhi ileile walikuwa wamezungumza habari ya kodi. Wala hakusita. Zamu yake ilipofika alimtajia wakala namba mpya, wakala akaangalia simu yake na kuuliza, "Jina linakuja la fulani, ndiye?" Na kwa kuwa jina lililokuja ndilo lililoandikwa kwenye meseji, akajibu: ndiye.

Jioni mwenye nyumba akapiga simu kuulizia kodi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza watu wanavyolizungumzia jambo hili, na naona tunaogopa yasiyo na madhara huku tukiyapita yenye madhara. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu ilizunguka sauti ya mtu akionya kwamba ukiifungua tu meseji ya namba fulani, salio lako lote linahama. Shangazi mmoja akazima simu kutwa nzima. Kijana mmoja akamjibu kwamba meseji ni maandishi tu, haina la kumfanya mtu. Shangazi alikosa simu za siku nzima bila sababu. Lakini kijana yule, kwa jinsi alivyojiamini, ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi.

Hela yako inakaa wapi

Tuanze na mahali hela inapokaa, maana ukishalijua hilo nusu ya hofu inaondoka. Hela ya M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx haimo ndani ya simu yako, wala haimo kwenye laini. Imeandikwa kwenye kompyuta za mtoa huduma, mfano wa daftari la dukani: mbele ya namba yako kuna kiasi chako. Laini ndiyo inayokutambulisha kwamba ukurasa ule ni wako. Namba ya siri ni saini yako, na bila saini hiyo hakuna hela inayotoka kwenye ukurasa.

Kuna na namba ya uthibitisho, ile ya tarakimu nne au sita inayoingia kwa meseji unapofungua WhatsApp kwenye simu mpya au unapojiunga na huduma ya benki kwa simu. Hiyo ni saini ya mara moja. Inadumu dakika chache tu, lakini ndani ya dakika hizo ina nguvu sawa na saini nyingine.

Sasa meseji ni nini? Ni karatasi iliyopenyezwa chini ya mlango wa nyumba yako. Karatasi haifungui kabati. Ukiisoma, umeisoma, na hela iko palepale. Ila karatasi inaweza kuandikwa kwa namna itakayokufanya uinuke, ufungue kabati kwa mkono wako, utoke nje na fedha. Utapeli wa meseji ndio huo: kumfanya mwenye saini asaini mwenyewe, au amkabidhi mtu mwingine saini yake. Hapo ndipo shangazi alipokosea. Na kijana alikosea kwa kudhani kwamba kwa kuwa karatasi haina mikono, basi haina nguvu.

Ya kwamba ukipokea simu ya tapeli akakushikilia hewani dakika kadhaa hela zinahama, nayo ni hadithi. Chembe ya ukweli iliyomo ni nyingine kabisa: kuna namba za nje ya nchi zinazokuita mara moja na kukata, ukipiga wewe unakatwa salio la muda wa maongezi kwa kiwango kikubwa. Usizipigie, basi. Hela yako ya akiba haihusiki hapo.

Nusu ya meseji unaiandika wewe

Rudi kwenye maneno yale. "Ile hela." Ipi? Haisemi. "Ile nyingine ina matatizo." Namba ipi nyingine? Haisemi. Anayeandika ni nani? Hajajitaja. Aliyeituma hajui kama una mwenye nyumba, au fundi, au mtoto wa bweni. Ameacha nafasi hizo wazi makusudi, na wewe unazijaza kwa mambo ya maisha yako. Mama mdogo alimweka mwenye nyumba. Mwenye duka angemweka muuzaji wake wa jumla wa Kariakoo. Baba mwenye mtoto chuoni angemwona mtoto wake. Meseji ni moja, na kila mmoja anaisoma kana kwamba imeandikwa kwa ajili yake.

Ndiyo maana haina salamu. Ingeanza na "Habari, mimi mwenye nyumba wako," ingewafaa wapangaji peke yao na kuwashtua wengine wote. Kule kukosa jina, ambako tunakuona ni uzembe wa tapeli, ndio ufundi wenyewe.

Watu huniuliza: namba yangu waliipata wapi? Mara nyingi hawakuipata popote. Chukua namba zinazoanza na 0754. Zimebaki tarakimu sita, na tarakimu sita zinatoa namba milioni moja tu, kuanzia sifuri zote hadi tisa zote. Mtu anaweza kuanza mahali popote akaongeza moja, akaongeza moja, akatuma. Zitakazokuwa hazitumiki hazimpi hasara, na vifurushi vya meseji ni bei ndogo. Bado hatujahesabu namba tunazozimwaga wenyewe: kwenye tangazo la chumba, kwenye kadi ya mchango wa harusi, kwenye grupu la wazazi wa darasa la tatu, kwenye ubao wa biashara.

Halafu fikiria nchi tuliyomo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo kodi, ada, rambirambi, hela ya mbegu na posho ya mama kijijini vyote vimehamia kwenye simu. Tuma meseji ile kwa watu elfu moja tarehe za mwisho wa mwezi, au Januari shule zinapofunguliwa: ni wangapi kati yao wana "ile hela" ya kutuma siku hiyo? Ni wengi. Tapeli anahitaji mmoja tu aliyesimama kwa wakala dakika hiyo.

Kwa hiyo naomba tuache kusema kwamba wanaotapeliwa ni wajinga, au wazee wa vijijini, au wenye tamaa. Mama mdogo hakuwa na tamaa ya kitu. Alikuwa analipa deni lake kwa wakati. Anayenaswa na meseji hii ni mtu mwaminifu aliyekuwa kwenye shughuli, na ukimwita mjinga unamfundisha kunyamaza siku hela itakapoondoka. Madhara ya kunyamaza huko nitayaeleza.

Jina litakuja, na jina lako wanalijua

Majina ndiyo yanayotuchanganya zaidi, na yanatuchanganya pande mbili.

Upande wa kwanza ni jina lao. Tumefundishwa kuhakikisha jina kabla ya kuthibitisha muamala, na ni mafundisho mazuri. Tapeli anajua tumefundishwa hivyo, ndiyo maana anakuandikia jina mapema: "jina litakuja fulani." Unapoliona linakuja kweli, moyo unatulia. Lakini umehakikisha nini hapo? Umehakikisha kwamba jina alilokupa tapeli linafanana na jina la laini aliyonayo tapeli. Jina la kulinganisha nalo ni lile unalolijua wewe kabla ya meseji kuingia. Wakala alimuuliza mama mdogo swali sahihi kabisa, "ndiye?", naye akalitafuta jibu kwenye meseji badala ya kulitafuta kichwani mwake.

Na yule mwenye jina? Mara nyingi ni mtu asiye na habari. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na kuanzia Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Wengi tukaamini sasa utapeli umekwisha, maana kila laini ina mwenyewe. Kilichotokea ni kwamba waliotaka laini za uovu walitafuta vidole vya wengine. Msajili wa pembeni ya barabara anakwambia, "Mama, kidole hakijasoma, weka tena," unaweka mara ya pili na ya tatu, na huenda kila mara umesajili laini nyingine. Au kijana anaombwa aiuze laini yake kwa shilingi elfu chache. Piga *106# leo, fuata maelekezo, utaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe. Usiiache ikae, kwa sababu siku moja polisi wakiitafuta laini hiyo watafika kwanza mlangoni kwako.

Upande wa pili ni jina lako. "Alinitaja majina yangu yote matatu, nikajua ni mtu wa kampuni." Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno. Jaribu hivi: ingia kwenye menyu ya kutuma hela, weka namba ya mtu yeyote, weka kiasi chochote. Kabla ya hatua ya mwisho mfumo unakuonyesha jina lake. Ghairi pale. Umelipata jina la mtu bila kulipa hata senti. Huduma iliyowekwa kukulinda usikosee namba ndiyo hiyo inayompa tapeli jina lako. Kwa hiyo anayekupigia na kukutaja jina hajathibitisha chochote zaidi ya kwamba anajua kubonyeza simu.

Hapa nchini TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilishaelekeza kwamba mtoa huduma akitaka kuzungumza na mteja wake apige kwa namba 100. Anayejitambulisha kwamba ni wa makao makuu, kitengo cha usalama wa miamala, na anapiga kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi, kata simu. Si utovu wa adabu. Kama ana jambo la kweli, wewe mwenyewe piga 100 utalikuta.

Hela iliyoingia, isiyoingia

Meseji nyingine inayostahili kutazamwa kwa karibu ni ya "umepokea." Hii hapa ni mfano wa zile nilizozisoma kwenye simu za jamaa: "Umepokea Tsh85,000 kutoka kwa..., salio lako jipya ni Tsh112,350." Dakika moja baadaye simu inaita. Sauti ya mwanamke, nyuma yake kelele za watu. "Kaka yangu, samahani sana, nimekosea namba, hiyo ni hela ya dawa, niko hospitali, nakuomba unirudishie." Mtu mwenye utu anatuma palepale, kutoka kwenye hela yake mwenyewe, maana ile elfu themanini na tano haikuwahi kuingia.

Itazame tena meseji ile. Kwanza, imetoka kwenye namba ya mtu, wakati meseji za muamala za kweli huja kwa jina la huduma. Pili, salio. Tapeli hajui ulikuwa na kiasi gani, kwa hiyo "salio jipya" amelibuni. Ukitoa elfu themanini na tano hupati ulichokuwa nacho jana. Tatu, haraka. Simu imekuja kabla hujapata nafasi ya kuangalia.

Dawa yake ni menyu. Salio la kweli haliko kwenye meseji, liko kwenye lile daftari, na daftari unalifikia mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*01# kwa Mixx, *150*88# kwa HaloPesa. Mwenye biashara anayepokea malipo kwa simu ashike hili kuliko wote. Mteja anayekuonyesha meseji kwenye simu yake kwamba ameshalipa amekuonyesha maandishi. Mzigo usitoke dukani mpaka salio lako mwenyewe limeongezeka.

Na kama umeangalia menyu ukakuta hela imeingia kweli, za mtu aliyekosea? Hutokea, na watu waungwana hukwama hapo. Usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apige 100 aombe muamala urejeshwe, na wewe uziache zile hela bila kuzigusa. Sababu ni hii: ukimtumia wewe, halafu yeye akawa ameshaomba mtoa huduma aurejeshe muamala, utakatwa mara mbili kwa kosa ambalo hukulifanya. Si kwamba unamnyima haki yake. Unamwelekeza kwenye njia ambayo inaacha kumbukumbu.

Je, meseji iliyokuja kwa jina la huduma, si kwa namba, ni ya kuaminika? Afadhali, lakini si dhamana. Meseji ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ikiwa na salamu ya Krismasi, na ilitumwa kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu. Tangu siku hiyo meseji inaweza kutoka kwenye mtambo, na mtambo hujaza sehemu ya mtumaji kwa maandishi, kama unavyoandika jina nyuma ya bahasha. Simu yako haina namna ya kuuliza kama aliyeandika jina hilo ndiye mwenyewe. Inapanga meseji kwa majina tu. Jina likighushiwa vizuri, meseji ya uongo inaweza kuketi kwenye mfululizo mmoja na meseji za kweli za benki yako. Hapa kwetu nyingi bado zinakuja kwa namba za kawaida, lakini usijenge nyumba juu ya hilo.

Wanaoomba kitangulizi

Kuna kundi jingine ambalo nitalipitia haraka kwa sababu mbinu yake ni moja ingawa nguo ni nyingi. "Mjukuu wangu, ile dawa ya mali iko tayari, nipigie." "Jiunge na Freemason upate utajiri." "Umeshinda promosheni." "Mkopo hadi milioni tano, hauhitaji dhamana." "Umechaguliwa kwenye ajira, piga namba hii." Kote huko kuna kitu kikubwa mbele na kiasi kidogo cha kutanguliza: ada ya fomu, bima ya mkopo, sare, sadaka ya mzimu. Ukilipa, inazaliwa ada nyingine. Mkopeshaji wa kweli akitaka ada yake huikata kwenye mkopo anaokupa. Hakuombi umtumie wewe kwanza kwenye namba ya mtu binafsi. Mwajiri hamwuzii mtu kazi.

Ya ajira inaniuma, kwa kuwa mwisho wake unaweza kuwa mbali na simu. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza Agosti 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 huko Myanmar, na kiasi cha 100,000 Cambodia, huenda walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kufanya kazi ya utapeli wa mtandaoni. Miongoni mwa waliookolewa wamekuwamo vijana wa Kenya na Uganda walioitwa kwa ahadi ya kazi nzuri Thailand. Ile meseji ya Kiingereza inayokuja WhatsApp kutoka namba ngeni, "samahani, nimekosea namba," kisha urafiki, kisha mwaliko wa kuwekeza, huenda imeandikwa na kijana wa Nakuru au Kampala aliyefungiwa ndani na kunyang'anywa pasi yake ya kusafiria. Ukimblock humkosei.

Zile zinazoiba bila wewe kutuma hela

Hapa ndipo yule kijana wa grupu letu alipaswa kusikiliza.

Ya kwanza ni namba ya uthibitisho. Rafiki yako wa zamani anakuandikia WhatsApp: "Nimekosea nikaituma namba yangu kwako, nisomee hizo tarakimu sita zilizokujia." Anayeandika si rafiki yako. Akaunti yake ilishachukuliwa, na sasa inafuata yako. Tarakimu zile ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukimsomea, ndani ya dakika moja wewe umetolewa nje na yeye yumo ndani, anawaomba ndugu zako hela kwa picha yako na jina lako. Kinga yake ni kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya WhatsApp, unaodai namba ya siri ya ziada ambayo haiji kwa meseji.

Ya pili ni ya kubonyeza alama. Mtu anakupigia, mpole, anasema laini yako inafungwa, bonyeza nyota nyota ishirini na moja nyota, kisha namba anayokutajia, kisha reli. Hiyo si huduma ya kufungua laini. Kwenye mitandao mingi **21* ni amri ya kuelekeza simu zako zote ziende kwenye namba nyingine. Kuanzia hapo benki ikikupigia kukuhakiki, anapokea yeye. Ukitaka kujua kama simu zako zinaelekezwa kwingine bonyeza *#21#, na ukitaka kufuta maelekezo yote bonyeza ##002#. Nimewafundisha hizi wote nyumbani, na mmoja kweli alikuta simu zake zinaenda kwenye namba asiyoijua.

Ya tatu ni kurenew laini. Ukiwa umeketi, simu inakosa mtandao ghafla wakati wenzako wa mtandao huohuo wanapiga na kupokea. Inawezekana ni mnara. Inawezekana pia mtu amejifanya wewe, laini yako ikahamishiwa kwenye kadi yake. Mara nyingi hilo hutanguliwa na simu za kuulizwa namba ya NIDA, jina la mama mzazi, namba unazopigia mara kwa mara, maswali yanayoonekana ya kawaida kila moja peke yake. Usisubiri mpaka kesho. Azima simu ya mtu, piga 100.

Na linki. Karatasi yenye linki ni karatasi yenye mlango. Kuifungua meseji hakukudhuru, kuugusa mlango kunaweza. Nyuma yake kuna kurasa zilizotengenezwa zifanane na za benki zikikuomba namba ya siri, au programu inayotaka ruhusa ya kusoma meseji zako. Ukiiruhusu, itasoma na namba za uthibitisho. Benki usiifikie kwa linki iliyokuja. Ifikie kwa programu uliyoiweka mwenyewe.

Njia unayoijua

Matapeli wanabadili maneno kila msimu, kwa hiyo sitakuorodheshea maneno ya kuogopa. Nitakupa tabia moja. Meseji ikikutaka utoe hela, namba ya siri au taarifa, usiijibu kwa njia iliyokuletea. Ondoka kwenye njia hiyo uende kwa mhusika kwa njia uliyokuwa nayo kabla. Mwenye nyumba mpigie kwa namba yake ya siku zote. Shule, vilevile, "mwalimu" anayesema mtoto ameanguka na anahitaji hela ya matibabu sasa hivi anataka usipate nafasi ya kumpigia mwalimu unayemjua. Mtoto akikuandikia "Mama, simu yangu imeharibika, hii ndiyo namba mpya," mpigie, na usikie sauti yake. Jamaa walioko Uingereza wanaijua vizuri hiyo ya mwisho, kule nako imewaliza wazazi wengi.

Tapeli hapendi uondoke kwenye njia yake. Ndiyo maana kila mara kuna haraka, kuna siri, kuna "usikate simu."

Na kama hela imeshaondoka? Hapa ni suala la dakika. Hela iliyotumwa inakaa kwenye laini ya tapeli mpaka itolewe kwa wakala au ihamishwe, na katika muda huo mtoa huduma anaweza kuizuia. Piga 100 palepale, ukiwa na kumbukumbu namba ya muamala iliyoko kwenye meseji yako. Usiifute meseji ya tapeli hata kama inakutia hasira kuiona. Ripoti namba yake kwenda 15040, ambayo TCRA imeitenga kwa ajili hiyo; Kenya wateja wa Safaricom hutuma kwenda 333. Nenda polisi ukafungue jalada, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalitambua kosa hili, na bila jalada hakuna wa kufuatilia. Kama ulitaja namba ya siri, ibadilishe kabla ya yote hayo.

Kisha jiandae. Siku chache baada ya hasara huenda mtu mwingine akapiga, anasema yuko kitengo cha upelelezi wa mtandao, hela zako zimepatikana, zinahitaji elfu ishirini tu za kuzifungulia. Namba yako sasa inajulikana kuwa ya mtu aliyewahi kutuma.

Mama mdogo alipigiwa simu hiyo. Wakati huo alikuwa bado hajatuambia kitu. Alikaa na jambo lile siku mbili, akamkopa jirani kulipa kodi, akawa halali vizuri, kwa sababu alijua tungesema "mama naye, mtu mzima." Siku ya tatu, aliyedai kuwa mpelelezi alipoomba elfu ishirini, ndipo aliponiuliza kwa sauti ya chini kama kuna ofisi ya namna hiyo. Nilipompigia mtoa huduma, hela ilikuwa imetolewa saa ileile aliyoituma.

Siku hizi kwenye jalada la nyuma la daftari lake la mchezo wa kina mama ameandika kwa kalamu namba za watu anaowatumia hela, na pembeni ya kila namba jina linalokuja. Anakwenda nalo kwa wakala.